Kusoma Kuta za Mpanda: Utangulizi wa Taaluma ya Michoro ya Mitaani

Ukuta wa nyumba ya mtaani Mpanda hauachwi mtupu kwa muda mrefu. Ukipigwa lipu leo kule Makanyagio au Nsemulwa, hazipiti siku nyingi kabla mtoto hajaandika kwa mkaa jina la timu yake. Baadaye mwenye nyumba ataandika kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, na chumba cha mbele kikishapata mpangaji kinyozi, fundi ataitwa achore kichwa cha kijana aliyenyolewa kwa mtindo mpya. Msimu wa uchaguzi utaleta karatasi za wagombea. Mganga anayejitangaza kuwa ametoka Sumbawanga ataacha namba yake ya simu, na barabara ikipanuliwa patawekwa alama ya X. Ukuta mmoja wa tofali za kuchoma unaweza kubeba haya yote kwa pamoja, na watu hupita mbele yake kila siku wakiyasoma bila kuhisi kwamba wanasoma.

Taaluma ninayokukaribisha inahusu kuta hizo. Inachukua kila kinachochorwa, kuandikwa, kukwaruzwa au kupulizwa mahali pa wazi, kiwe kimelipiwa au kimefanywa usiku kwa siri. Huhitaji kuwa umesomea sanaa chuoni. Unahitaji macho, daftari, subira na adabu ya kubisha hodi. Nimechagua Mpanda na mkoa wa Katavi kwa makusudi. Vitabu vingi vya grafiti huanzia New York ya miaka ya 1970, vikapita Berlin na São Paulo, na vikifika Afrika Mashariki hutua Nairobi au Dar es Salaam na kuishia hapo. Mwanafunzi wa Mpanda akivisoma hudhani kwamba kwao hakuna kitu cha kutazama. Nataka aanzie mlangoni kwake.

Na mji wenyewe unafaa kwa kazi hii. Mpanda ulikua kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi na ya reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyokuwa imefika kufikia mwaka 1950. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa wa eneo hili walipata majirani wapya: wafugaji wa Kisukuma walioanza kuhamia kwa wingi tangu miaka ya 1970, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliopewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania, na wachimbaji wadogo wanaofuata dhahabu popote inaposikika. Mahali ambapo watu wengi ni wageni kwa wageni wenzao, ukuta hufanya kazi ya kuwatambulisha. Mtafiti Liisa Malkki, aliyekaa Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alituonyesha jinsi wakimbizi wale walivyoisimulia historia yao wenyewe. Aliwasikiliza wasemaji, na alisikiliza vizuri sana. Kuta za Katavi bado zinasubiri msikilizaji wa namna hiyo.

Swali linaloulizwa kwanza, na mara nyingi kwa hasira, ni kama michoro ya mitaani ni sanaa. Tulijibu mapema ili tupate nafasi ya mengine. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya michoro hiyo ni sanaa, na wengi wanaokataa hukataa kwa sababu wanajibu maswali mawili kwa mpigo mmoja. Swali moja ni la ruhusa: mchoraji aliombwa, alilipwa, au alivamia? Hilo ni la mwenye ukuta, mwenyekiti wa mtaa, halmashauri na mahakama. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua kosa la kuharibu mali kwa makusudi, na mtu aliyeamka akakuta geti lake limechorwa ana haki zote za kukasirika. Swali la pili ni la usanii, na hilo haliamuliwi na stempu. Kuna michoro iliyopata vibali vyote na bado haina uhai hata chembe. Ipo mingine iliyofanywa gizani, mkono ukitetemeka, na bado mstari wake unakufanya usimame. Mwizi wa ukuta anaweza kuwa msanii, na faini anayostahili haiondoi usanii wake. Vilevile usanii wake haumfutii faini. Ukishayatenganisha maswali haya mawili, nusu ya ugomvi wa mitaani unakwisha, na nusu inayobaki ndiyo yenye faida.

Ni nani basi aliyetuzoesha kudhani kwamba cha ukutani si sanaa? Kisa ninachokipenda zaidi kinatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbele zaidi ndani ya Katanga, katika mji wa Bukama. Mwaka 1926 afisa mmoja wa kikoloni wa Kibelgiji, Georges Thiry, aliona huko nyumba zilizochorwa kutani. Akauliza ni kazi ya nani, akaelekezwa kwa Albert Lubaki. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora karatasini wanyama, mimea na watu, kama alivyokuwa akifanya kwenye kuta, na mkewe Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 kazi hizo zilikuwa zinaonyeshwa Brussels, na baadaye zikafika miji mingine ya Ulaya. Leo zimo katika makusanyo ya thamani.

Tazama ni kitu gani kilichobadilika katika kisa hicho. Mkono ulikuwa uleule, na jicho lililochagua liliendelea kuchagua. Kilichoongezeka ni karatasi tu, yaani kitu kinachoweza kukunjwa, kupakiwa melini, kutundikwa na kuuzwa. Kuta za Bukama zilizomvutia Thiry hazikusafiri, na hakuna aliyeziwekea fremu. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mchoro wa ukutani si sanaa, mara nyingi anarudia bila kujua hukumu ya soko: kisichouzika hakihesabiki. Hukumu hiyo inawafaa wafanyabiashara wa picha. Sisi tunaosoma haituhusu.

Muda nao hufanya kazi kama karatasi ya Thiry. Katika Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, askari wa Kireno walichora ukutani kwa mkaa na rangi nyekundu: meli, samaki, watu, hata kinyonga. Walikuwa askari tu, mbali na kwao, na ukuta haukuwa mali yao. Leo michoro hiyo inalindwa kama hazina ya makumbusho. Kwenye lipu ya magofu ya Kilwa na Gede kuna vyombo vya baharini vilivyokwaruzwa kwa ncha, na wanaakiolojia wameviandikia makala nzito kwa sababu vinaeleza namna vyombo hivyo vilivyoundwa na kutwekwa tanga. Aliyekwaruza lipu ya msikiti au ya nyumba ya tajiri huenda alikaripiwa siku hiyo. Sisi tunamshukuru.

Kondoa ni mfano mgumu zaidi, na sitaki uuruke. Michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina tabaka. Ya zamani zaidi ni myekundu na ni ya wawindaji. Juu yake, mahali pengine ikiifunika kabisa, kuna michoro myeupe iliyokuja baadaye sana na inayohusishwa na wakulima. Waliochora kwa rangi nyeupe walichora juu ya kazi za wengine, na leo tunalinda tabaka zote mbili. Je, kijana anayekwaruza jina lake hapo leo ni mrithi wao? Nasema hapana, na nasema kwa uzito. Yule wa zamani aliongeza mahali palipokuwa pakitumika kwa ibada zake. Huyu wa leo anaharibu kitu ambacho jamii nzima imeshakubaliana kukitunza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichofanywa na mikono ya watu kabla ya hapo kina ulinzi wake. Mpaka wa namna hiyo unasaidia mahakamani, lakini unatuacha na karne nzima na nusu ya kuta zisizo na mtetezi.

Karibu zaidi na Katavi kuna mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii aujue. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Wayeye, chama cha wacheza nyoka cha Kisukuma. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ambamo wanachama wapya waliingizwa na kufundwa. Ilikuwa na nyoka, na watu wa hadithi za chama, na asiyekuwa mwanachama hakupaswa kuiona. Makaratasi ya Cory yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ninalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, linavunja ile kauli kwamba kuchora kutani kumeletwa na video za muziki wa Marekani. Pili, linatukumbusha kwamba kuna ukuta wa ndani na ukuta wa nje, na kwamba mchoro wa siri una adabu nyingine. Wasukuma waliohamia Mpimbwe na Mlele walikuja na ng'ombe, ngoma na kumbukumbu zao. Mtafiti atakayekwenda huko aulize kwanza ni nini kinachoruhusiwa kuonekana, kabla ya kutoa kamera.

Kuna pia ukuta usio na siri wala tangazo. Magharibi mwa Tanzania, nyumba ya udongo husiribwa, na mara nyingi wanaosiriba ni wanawake. Ukanda wa chini hupakwa udongo mwekundu au majivu, juu hupakwa udongo mweupe, na mpaka kati ya rangi hizo unaweza kunyooka au kupinda kwa kupenda kwake aliyepaka. Mvua ikila, anarudia, na anaporudia hubadilisha. Hakuna anayemwita msanii, na yeye mwenyewe huenda akacheka ukimwita hivyo. Lakini alichagua mpinde ule mahali ambapo mstari ulionyooka ungetosha.

Hapo ndipo ninapokiweka kipimo changu, na ninakuomba ukijaribu kabla ya kukikataa: sanaa huanza pale mkono unapofanya zaidi ya kile ambacho ujumbe ulihitaji. Neno "Bucha" linatosha kuuza nyama. Fundi anayemchora ng'ombe mwenye jicho la huzuni, kivuli chini ya kwato na nundu inayong'aa amevuka mahitaji ya mwenye bucha. Kinyozi angeweza kuandika bei tu, lakini kuna vichwa vitatu ukutani, kila kimoja kinatazama upande wake, na cha katikati kina tabasamu la mtu anayejua amependeza. Ziada hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kipimo hiki kinawarudishia heshima watu ambao fani yetu imewapita kwa haraka, nao ni wachoraji wa mabango wa miji midogo. Kuna sababu ya kihistoria ya kuwaheshimu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu, na mtindo wake ukaenea dunia nzima. Kopo lake la rangi ni ndugu wa kopo lililo mkononi mwa fundi wa mabango wa Mpanda. Mng'ao uleule, rangi zilezile zisizochanganywa sana kwa sababu kuchanganya ni kupoteza, na mstari mweusi unaozunguka umbo ili lionekane kutoka mbali. Nikiona simba aliyechorwa kwenye ukuta wa baa au wa nyumba ya wageni njia ya kwenda Sitalike, siwezi kumtazama bila kumkumbuka Tingatinga, na sidhani kwamba ninalazimisha undugu huo.

Ukifuatana na mafundi hawa utagundua jinsi kazi yao ilivyo ya shida. Wanapima herufi kwa uzi uliopakwa chaki. Ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa lipu unakunywa rangi, hivyo wanatangulia na chokaa. Mteja anataka maandishi makubwa, kumbe ukuta ni mfupi, na herufi za mwisho zinabanwa hadi zinaegemeana. Msomaji wa mjini huliona hilo akacheka. Mimi ninaliona kama ushahidi wa uamuzi uliofanywa juu ya ngazi, jua likiwa kali, mteja akiwa amesimama chini anaelekeza.

Sasa tuje kwa grafiti kwa maana yake finyu: jina au alama iliyopulizwa kwa kopo la spirei, mara nyingi bila ruhusa. Katika Tanzania fani hiyo ilipata kundi lake la kwanza linalojulikana Dar es Salaam miaka ya 2000, kundi la Wachata, lililojiita kwa neno la vijana, chata, yaani alama au nembo ya mtu. Wamefanya kazi za hiari, za maonyesho na za mafunzo, na kazi zao zinastahili sura nzima ambayo haitoshi katika nafasi hii. Kwa mkoa wa Katavi, jambo la kuvutia ni kwamba watu wa hapa walikuwa na alama zao kabla ya spirei. Mfugaji ana chapa ya ng'ombe wake. Warina asali wa misitu ya Inyonga nao wana mizinga yao juu ya miti, na mwenye mzinga hujulikana kwa alama. Chapa na alama hizo husema: hiki ni changu. Chata ya kijana ukutani husema jambo jingine: nilipita hapa, nipo. Hadai umiliki wa ukuta. Anadai kuonekana. Anayemjibu kana kwamba amedai nyumba hajamsikia, ingawa bado anaweza kumtaka aje kusafisha.

Nairobi inatufundisha kwamba grafiti inaweza pia kudai kitu kwa niaba ya wengi. Mwaka 2012, kuelekea uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mwanaharakati na mpigapicha Boniface Mwangi pamoja na wachoraji kadhaa walichora katikati ya jiji wanasiasa wenye umbo la tai mla mizoga, wakikalia migongo ya wananchi. Watu walisimama kwenye mtaa wa Muindi Mbingu wakibishana mbele ya ukuta, na mabishano hayo yalikuwa nusu ya kazi yenyewe. Miaka michache kabla, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, msanii anayejulikana kwa jina la Solo7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na vibanda. Kwa kipimo changu cha ziada ya mkono, herufi zake zilikuwa sahili mno. Nakiri kwamba hapo kipimo kinayumba, kwa kuwa sikubali kuziita kazi zile tangazo tu. Labda ziada yake ilikuwa katika wingi, mahali na saa aliyoandika. Nimeliacha jambo hili wazi ili ulifanyie kazi.

Wanaolalamika kwamba grafiti inachafua miji ningewaomba watazame kuta nzima zilizopakwa rangi za kampuni za simu na za vinywaji. Nyumba ya bibi inageuka nyekundu au buluu kutoka msingi hadi paa, mara nyingi kwa malipo madogo, au kwa kupata tu rangi ya bure. Ruhusa ipo, ada ya mabango huenda imelipwa, na hakuna anayepiga kelele. Lakini macho ya mtaa mzima yameuzwa, na mtaa haukuulizwa. Mimi ningependelea kuona ng'ombe wa bucha. Hilo ni pendeleo langu na silifichi, ila lina msingi: ng'ombe yule alichorwa kwa ajili ya ukuta ule mmoja, na rangi ya kampuni haijali imepakwa Mpanda au Mtwara.

Kuna kesi moja ya Marekani inayofaa kuijua hapa, kwa kuwa inagusa haki ya mchoraji dhidi ya mwenye ukuta aliyempa ruhusa. Katika eneo la Queens, New York, kulikuwa na majengo yaliyoitwa 5Pointz, ambayo mmiliki aliwaruhusu wachoraji kuyachora kwa miaka mingi. Novemba 2013, usiku, akayapaka yote rangi nyeupe ili apishe ujenzi mpya. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wachoraji 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.7. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema kazi inalindwa kwa sababu tu imebuniwa, bila kuuliza ubora wake wala madhumuni yake. Maneno hayo ni mapana kuliko wachoraji wetu wengi wanavyojua. Picha ya kichwa cha kinyozi iliyobuniwa na fundi wa Mpanda, ikinakiliwa na mtu akaichapisha kwenye fulana za kuuza, si mali ya kuokota.

Nimekuahidi taaluma, na taaluma ina mbinu. Mbinu ninayoanza nayo kila ninapofundisha ni kutafuta umri wa ukuta, kwa sababu karibu hakuna mchoraji anayeandika tarehe.

Anzia shule za msingi. Kuta za nje za madarasa mengi ya Tanzania zimechorwa ramani, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula wa mwanadamu, saa na jedwali la kuzidisha. Tafuta ramani ya Tanzania. Katavi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, ilipozaliwa pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Songwe ilifuata mwaka 2016. Kwa hiyo ramani yenye Katavi haikuchorwa kabla ya 2012, na yenye Songwe haikuchorwa kabla ya 2016. Kama kuna ramani ya Afrika kando yake, tazama Sudan: Sudan Kusini ilijitenga Julai 2011. Kuwa mwangalifu na upande wa pili wa hoja. Ramani isiyo na Katavi inaweza kuwa imechorwa jana na fundi aliyenakili atlasi ya zamani, kwa hiyo kutokuwepo kwa mkoa hakuthibitishi uzee. Lakini kuna jambo zaidi ya tarehe hapa. Ramani ya zamani ikiwa bado ipo kwenye shule ya Katavi, watoto wanajifunza kila siku nchi ambayo mkoa wao haumo. Nani aliiona, nani aliongeza mpaka kwa brashi, na mpaka huo aliupitisha wapi? Ramani iliyorekebishwa kwa mkono ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa unavyoweza kuvipata katika fani hii.

Kisha namba za simu. Katikati ya miaka ya 2000 tarakimu za mwanzo zilibadilishwa: 0744 ikawa 0754, na 0748 ikawa 0784. Namba ya zamani kwenye bango lililofifia inakupa dalili ya umri, ingawa tarakimu za 074 zimerudi kutumika, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Majina ya kampuni yanasaidia zaidi: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na Tigo ikawa Yas mwaka 2024. Rangi ya juu ikibanduka, unaweza kuzisoma kampuni hizo kwa mpangilio, moja chini ya nyingine. Karatasi za kampeni nazo hukupa mwaka bila ubishi, maana uchaguzi mkuu una kalenda yake.

Adui na mwalimu wetu ni mvua. Katavi ina msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukuta wa udongo hauwezi kuupita bila kupoteza kitu. Chokaa hutangulia kuondoka, rangi ya maji hufuata, rangi ya mafuta huvumilia. Piga picha ukuta uleule kabla ya mvua na baada yake, ukisimama mahali palepale. Andika jina la mtaa, upande ambao ukuta unatazama, kilichopakwa chini na nani anautumia. Mwombe mwenye nyumba ruhusa hata kama unapiga picha ukiwa barabarani. Mtu aliyeandika kwamba nyumba yake haiuzwi ana sababu, pengine ugomvi wa urithi au tapeli aliyewahi kumuuzia mtu nyumba isiyo yake, na hana haja ya mgeni mwenye kamera asiyejieleza. Kama ukutani kuna tusi linalomtaja mtu, liandike daftarini, na jina uliache.

Pengo kubwa kuliko yote ni majina ya wachoraji. Tunajua jina la Lubaki kwa sababu Thiry aliuliza. Fundi wa mabango wa Mpanda mara nyingi haweki saini, na akiweka kitu ni namba ya simu kwenye kona ya chini, ambayo mvua huifuta mapema. Wengi wao wangali hai na wanafanya kazi, wana wanafunzi, wana maoni makali kuhusu kazi za wenzao, na wanakumbuka ni ukuta gani walioufanya wa kwanza. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iwe hii: nenda shule uliyosoma, ipige picha ramani ya ukutani, kisha muulize mwalimu mkuu ni nani aliyeichora. Akiwa amehamia karibuni na hajui, muulize mlinzi, au wazee waliowahi kukaa kwenye kamati ya shule. Ukimpata fundi mwenyewe, kaa naye, mwonyeshe picha, na mwache aeleze kwanza ni kitu gani angekibadilisha.